Majivu ya Boila: Taka au Mali ya Mfanyakazi?

Kila mmoja wetu aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha sukari hapa Uganda anakijua kile kilima cheusi kilicho nyuma ya boila. Miwa ikishakamuliwa, makapi yake hupelekwa kwenye tanuri, maji yanachemka, mvuke unazungusha mitambo, na kinachobaki ni majivu. Majivu hayo hubebwa kwa toroli na kwa trekta, yakamwagwa nje. Kiangazi kikija, upepo huyapeperusha hadi kambini. Akina mama huanua nguo zao kabla hazijakauka, na ugali huliwa ukiwa na chembe za majivu. Mvua ikinyesha, kilima hugeuka tope na kuteremka bondeni tunakochota maji.

Tani moja ya miwa hutoa kiasi cha kilo 250 hadi 300 za makapi mabichi. Kwa hiyo kiwanda kinachosaga maelfu ya tani kila siku hakiwezi kukosa majivu, na kilima chetu hakipungui mwaka hata mwaka.

Upande wa pili wa barabara ziko nyumba zetu. Nyingi zina sakafu ya udongo. Humo hukaa funza na viroboto, watoto huugua vidole, na masika yakifika chumba hunyonya maji kutoka chini. Sakafu ya zege ingemaliza taabu hiyo, lakini kibarua wa kukata miwa akinunua mfuko mmoja wa saruji, nyumbani kwake hapaliwi vizuri.

Ndipo fundi mwashi mmoja wa kambi yetu alipoleta swali mbele ya mkutano wa tawi: je, majivu haya hayawezi kutiwa katika zege? Wengine walicheka. Kamati haikucheka. Tuliuliza, tukasoma, tukajaribu. Makala hii ni taarifa ya yale tuliyojifunza, pamoja na kosa tulilofanya, ambalo hatutalificha.

JAMBO HILI SI JIPYA

Wenye kudhani kwamba kutumia taka katika zege ni ujanja wa maskini wa siku hizi, wamekosea. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya mlima wa moto yaliyotoka karibu na mji wa Pozzuoli, Italia. Jina la mji huo ndilo lililozaa neno pozolana. Katika mji wa Roma liko jengo liitwalo Pantheon, lenye kuba la zege la upana wa mita 43 hivi, lisilo na nondo hata moja. Limesimama kwa miaka ipatayo 1900.

Katika Ujerumani, mwaka 1862, Emil Langen aligundua kwamba mavi ya chuma yanayotoka katika tanuri za kuyeyushia chuma, yakipoozwa ghafla kwa maji na kusagwa, hugandamana kama saruji yakitiwa chokaa. Taka iliyokuwa ikirundikwa nje ya viwanda ikawa bidhaa. Marekani nayo, bwawa la Hungry Horse, lililojengwa miaka ya 1948 hadi 1953, lilitumia kwa wingi majivu mepesi ya makaa ya mawe.

Baada ya vita ya 1939 hadi 1945, miji ya Ujerumani ilikuwa malundo ya kifusi. Wanawake wengi sana walisimama katika mistari, wakapokezana matofali mkono kwa mkono, wakayasafisha kwa nyundo. Yaliyokuwa mazima yalijengewa tena, na yaliyovunjika yakasagwa kuwa kokoto za zege jipya. Miji ile ilianza kuinuka kwa taka zake yenyewe na kwa mikono ya wafanyakazi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mafundi wa pwani walichoma matumbawe ya baharini wakapata chokaa, wakajenga misikiti na majumba ya Kilwa na Lamu karne nyingi kabla ya Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, kuandikisha hati yake ya saruji ya Portland mwaka 1824. Na jirani zetu wa Goma, baada ya mlima Nyiragongo kulipuka Januari 2002 na mawe ya moto kuufunika sehemu ya mji wao, walivunja mawe yale yale yaliyowaunguzia nyumba, wakayafanya misingi na kuta.

KWA NINI MAJIVU HUGANDA?

Mfanyakazi asikubali jambo kwa kuambiwa tu. Na aelewe linavyotendeka.

Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la nyuzi kama 1450. Donge linalotoka huitwa klinka, nalo husagwa. Kazi hiyo hula kuni za viwandani kwa wingi, yaani makaa, mafuta na umeme. Ndiyo sababu mojawapo ya saruji kuwa ghali. Tena uchomaji huo hutoa hewa ya kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya namna hiyo inayotokana na kazi za binadamu duniani.

Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto. Lakini pamoja na gundi hutoka pia chokaa, ambayo hukaa ndani ya zege bila kazi kubwa. Sasa, majivu ya mimea mingine yana silika nyingi, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo, ila majivu yakiwa yamechomwa vizuri silika yake haijashikamana kuwa mawe magumu. Silika hiyo huikamata chokaa ile iliyokaa bure, na kwa msaada wa maji hufanya gundi nyingine. Hiyo ndiyo siri yote.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ambayo kila fundi lazima ayashike:

Kwanza, majivu peke yake si saruji. Bila saruji au chokaa ni vumbi tu.

Pili, gundi ya majivu huja polepole. Zege lenye majivu huwa dhaifu katika siku za kwanza, na huzidi kupata nguvu kwa wiki na miezi. Kwa hiyo halitaki haraka, na lazima lilindwe lisikauke.

Tatu, majivu si ya namna moja. Majivu ya maganda ya mpunga ndiyo yenye sifa kubwa: yakichomwa bila kupita nyuzi 700 hivi, sehemu 85 hadi 95 katika 100 ni silika. Majivu ya makapi ya miwa hufaa pia, lakini mara nyingi yana mchanga ulioingia pamoja na udongo wa shambani, na yana makaa meusi ambayo hayakumaliza kuungua. Majivu ya maganda ya kahawa yana potashi nyingi. Hayo heri yarudi shambani kuilisha migomba.

KOSA LETU

Tulipojua nusu ya haya, tulijiona tumejua yote. Kambi mpya ilikuwa haina choo. Kamati ilichukua majivu kutoka kilimani bila kuyachekecha wala kuyasaga, tukayachanganya nusu kwa nusu na saruji, tukamwaga bamba la kufunikia shimo. Siku ya tano tukaondoa miti iliyolishikilia kwa chini. Lilionekana zuri, tukashangilia.

Siku ya saba mama mmoja, kibarua wa palizi, aliingia chooni alfajiri. Bamba lilipasuka chini yake na mguu wake mmoja ukazama hadi kwenye paja. Nondo ndizo zilizomzuia asitumbukie shimoni. Majirani walimtoa akiwa amechubuka vibaya. Wiki tatu hakuweza kwenda shambani, na kibarua asiyekwenda shambani halipwi.

Tulichanga fedha za posho yake, kama ilivyo desturi ya chama. Lakini fedha haziondoi kosa. Tulipokwenda kumwomba radhi alitujibu kwamba hayakatai majivu yetu. Anachokataa ni mguu wake kufanywa kipimo. Maneno hayo yalituingia.

Tulichunguza tukaona makosa manne. Majivu yalikuwa mengi mno. Yalikuwa machafu na ya chembe kubwa. Tuliondoa miti mapema, wakati gundi ya majivu ilikuwa bado haijafanya kazi. Na kosa la nne, ambalo hata fundi wetu hakulijua, lilikuwa limeandikwa juu ya mfuko wa saruji.

Ndugu, somni maandishi ya mfuko! Saruji nyingi inayouzwa madukani siku hizi imekwisha kuchanganywa kiwandani na pozolana au vitu vingine. Mfuko wenye herufi CEM I una klinka karibu tupu. CEM II una klinka na nyongeza ya kadiri. CEM IV ni saruji ya pozolana, na nyongeza yake huweza kuwa theluthi, au hata nusu, ya mfuko. Nambari 32.5 na 42.5 zinaonyesha nguvu. Iliyo kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Sisi tulichukua mfuko wa pozolana, tukauongezea nusu ya majivu. Klinka iliyobaki ilikuwa kidogo sana. Ni kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji, naye akaenda nyumbani akayatia maji tena.

JINSI TULIVYOANZA UPYA

Safari ya pili tuliamua kwamba kitu cha kwanza kupimwa kiwe tofali, wala si mtu. Utaratibu wetu ni huu, na tawi lolote linaweza kuufuata:

1. Chagua majivu ya kijivu, mepesi, yaliyoungua sawasawa. Meusi tititi yana makaa, nayo hunywa maji ya zege na kulidhoofisha. Yaache.

2. Yanyunyizie maji kidogo wakati wa kuchota ili yasitimke, halafu yaanike mahali pasipo upepo, yachekeche kwa wavu mwembamba, na yasage mpaka yawe laini kama saruji yenyewe. Yasiyosagwa ni mchanga mbaya tu.

3. Pima kwa mizani, si kwa karai. Majivu ni mepesi kuliko saruji, na karai moja ya hiki si sawa na karai moja ya kile. Kwa mchanganyiko wa sehemu 10 katika 100, badala ya kilo 50 za saruji tumia kilo 45 za saruji na kilo 5 za majivu. Tumia saruji ya CEM I, au CEM II yenye nambari 42.5.

4. Tengeneza matofali ya majaribio kwa fremu moja: mengine ya saruji tupu, mengine yenye majivu sehemu 10, mengine sehemu 20. Yaandike alama yasichanganyike.

5. Maji yawe kidogo, kiasi cha kuliwezesha zege kushindiliwa. Maji mengi hurahisisha kazi ya koleo na kuharibu kazi ya fundi.

6. Yafunike kwa magunia yenye unyevu, uyanyeshee asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku 14. Yasikae juani.

7. Baada ya siku 28, yapige, yaegemeze juu ya mawe mawili na kuyapakia uzito, ulinganishe. Ukiweza, peleka mengine kwenye maabara ya ujenzi au chuo cha ufundi yakavunjwe kwa mashine. Jicho la fundi ni zuri, lakini mashine haina upendeleo.

Kwa majivu yetu, matofali ya sehemu 10 yalishindana na yale ya saruji tupu. Ya sehemu 20 yalikuwa nyuma kidogo, na yale tuliyotia zaidi ya hapo yalimeguka pembeni. Lakini msichukue jibu letu mkalifanya jibu lenu. Majivu ya kiwanda kingine, au ya msimu wa mvua ambapo miwa huja na udongo mwingi, yaweza kutoa jibu jingine.

Leo sakafu za nyumba kadhaa za kambi yetu, mfereji wa maji machafu na njia ya kwenda kisimani ni vya zege lenye majivu. Bamba la choo tulilimwaga upya kwa saruji tupu, kokoto safi na nondo, na tuliliacha juu ya miti yake hadi muda wake ulipotimia. Hiyo ndiyo sheria yetu mpaka sasa: majivu kwa sakafu, mifereji, vijia na matofali ya ukuta mwepesi. Nguzo, boriti, bamba la choo na dari ya ghorofa havitiwi majivu isipokuwa mhandisi amepima na kutia sahihi yake.

Tunakaza neno hili kwa sababu tunakumbuka wenzetu wa Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 1213 haijulikani kwetu, lakini 24 Aprili 2013 tunaijua: jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo, liliporomoka na wafanyakazi 1,134 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, nao wakaamriwa kurudi kazini. Jengo baya haliui wenye hisa. Linaua walio ndani.

TAKA ZINGINE, NA ZILE ZA KUKIMBIA

Vipande vya matofali ya kuchoma hufaa kuwa kokoto za sakafu, mradi yawe yameiva vizuri na yalie ukiyagonga. Lakini hunywa maji sana. Yaloweke kabla ya kuyachanganya, la sivyo yataliibia zege maji yake. Zege la zamani lililovunjwa hufaa pia likisafishwa plasta na udongo. Kioo kilichovunjika kisitumiwe kama kokoto, maana silika yake huweza kugombana na saruji, zege likavimba na kupasuka baada ya miaka.

Wenzetu wa viwanda vya sukari, sikilizeni zaidi. Sukari ni adui wa saruji. Kiasi kidogo sana, hata sehemu moja katika elfu ya uzito wa saruji, huchelewesha zege kuganda, na ikizidi zege huweza lisigande kabisa. Kwa hiyo msichote maji kwa pipa lililokuwa na molasi, wala msitie makapi mabichi ya miwa katika zege. Makapi lazima yawe yameungua yakawa majivu.

Na sasa hatari iliyo kubwa kuliko zote. Viwanda na maghala ya zamani yaliezekwa kwa mabati ya asbesto. Yakivunjika, wapo wanaoyaponda wayafanye kokoto za sakafu. Hayo ni kuijenga saratani ndani ya nyumba. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho. Huingia mapafuni na kukaa, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya asbesto mwaka 1986. Asbesto isipondwe, isikatwe kwa msumeno, isifagiliwe ikiwa kavu. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuiondoa kwa watu waliofundishwa na wenye vifaa. Vivyo hivyo, majivu ya mbao zenye rangi, ya betri na ya mapipa ya dawa za shamba yasiguswe.

HAKI YETU KATIKA KILIMA HIKI

Majivu ya boila nayo si unga wa mtoto. Vumbi lake lina silika, na sehemu yake huweza kuwa silika ngumu ambayo hukausha mapafu na kuleta kansa. Ndugu zetu wanaoyakomba chini ya tanuri wamefanya kazi hiyo miaka mingi wakiwa wamejifunga kitambaa tu puani. Kitambaa hakizuii vumbi hilo.

Tena tumejua jambo jingine. Tangu habari za zege hili zienee, wafanyabiashara wamekuja kuuliza bei ya kilima. Jana kilikuwa taka, na sisi tulikula vumbi lake. Kesho kikiwa mali, je, tutabaki na vumbi tu?

Kwa hiyo mkutano wa tawi ulipitisha madai haya, nayo tumeyapeleka kwa uongozi wa shamba:

Majivu yanyunyiziwe maji kabla ya kuhamishwa, na kilima kihamishwe mbali na kambi na mto. Wanaoyashika wapewe barakoa za kweli za kuzuia vumbi, wapimwe mapafu kila mwaka, na gharama ziwe za mwajiri, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyomtaka alinde afya ya wafanyakazi wake. Wakazi wa kambi waruhusiwe kuchukua majivu bure kwa kujengea sakafu zao. Yakiuzwa, kazi ya kuyachekecha na kuyapakia iwe ajira yenye mkataba, isiwe kibarua cha usiku kisicho na jina.

Na dai la mwisho ni hili: uongozi ukitaka kutujengea nyumba kwa zege la majivu, tunakubali, mradi limepimwa, na mradi ofisi na nyumba za mameneja zijengwe kwa zege hilo hilo. Likiwa jema linawatosha wao pia. Likiwa baya, halitufai sisi.

Ndugu wafanyakazi, yule mama wa palizi amepona. Sasa yeye ndiye mjumbe wa kamati anayeshika daftari la majaribio, na hakuna mchanganyiko unaomwagwa mahali popote kabla hajaona tofali lake. Matawi mengine yanayotaka kuanza yatuandikie. Tutawapa vipimo vyetu, na wao watupe vyao. Maarifa tuliyoyalipia kwa mguu wa mwenzetu yasilipiwe mara ya pili na mwingine.

Umoja ni nguvu.